Kijana wako anachezea timu ya chuo: Je, anashiba?

Hivi karibuni, wakati watu wakitoka katika swala ya Ijumaa, mama mmoja alinisubiri upande wa mlango wa wanawake akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale tukiwa tumesimama juani. Mwanawe yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa jijini Dar es Salaam, na ni kiungo wa timu ya mpira ya chuo hicho.

“Mwalimu, kila baada ya siku chache anapiga simu, mama nitumie hela ya kula. Natuma. Likizo hii amekuja nyumbani mbavu zinahesabika. Wenzake wamemwambia anunue unga wa kujenga misuli, na kopo moja tu linanimaliza mtaji wangu wa vitumbua. Nimnunulie?”

Nilimwahidi kuwa nitamjibu kupitia ukurasa huu, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wazazi wengi hufurahi kusikia kijana wao amechaguliwa timu ya chuo, iwe ya mpira wa miguu, netiboli, kikapu au riadha. Wanachosahau ni kwamba siku ile ile kijana alipovaa jezi, gharama ya kumlisha ilipanda, na hakuna aliyeongeza fedha.

Hata Marekani walilala na njaa

Ndugu msomaji, usidhani tatizo hili ni la nchi zetu pekee. Marekani, ambako michezo ya vyuo huingiza fedha nyingi mno kutokana na viingilio na televisheni, wachezaji wa vyuo walikuwa na kilio hicho hicho. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, NCAA, kilikuwa na kanuni kwamba mchezaji mwenye ufadhili kamili wa daraja la kwanza apewe milo mitatu kwa siku, au fedha za milo hiyo, basi. Chuo kikimpa zaidi ya hapo kilihesabiwa kuwa kimevunja kanuni kwa kumpa upendeleo. Kati ya mlo na mlo waliruhusiwa kupewa vitu kama matunda, karanga na aina ya mkate mgumu wa mviringo wenye tundu katikati. Kwa muda fulani mkate huo uliruhusiwa ukiwa mkavu tu. Ukipakwa kitu juu yake unakuwa mlo, na mlo umekatazwa! Watu wazima walikaa vikao kujadili siagi.

Mwezi Aprili mwaka 2014, Shabazz Napier, nyota wa timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuna usiku ambao alikuwa akienda kulala na njaa kwa sababu hakuwa na fedha ya kununua chakula. Huyu si mchezaji wa benchi. Timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa mwezi huo huo na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano. Siku chache baadaye baraza la NCAA lilipitisha mabadiliko, ambayo lilisema yalikuwa yameshaanza kujadiliwa kabla, kwamba vyuo vya daraja la kwanza vinaweza kuwapa wachezaji wao chakula bila kikomo cha milo, hata wale wasio na ufadhili.

Vijana wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda kusoma na kukimbia huko tangu zamani. Suleiman Nyambui wetu, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi na mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso. Sasa ikiwa kijana aliyeko kwenye nchi tajiri, mwenye kocha, daktari na bwalo la chuo, milo mitatu haikumtosha, je, huyu wa kwetu anayekunywa chai ya rangi asubuhi na kula sahani moja ya wali mchana itakuwaje?

Fedha za chuo hazimjui mchezaji

Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hapa Tanzania hutegemea fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambazo wenyewe huziita “boom”. Kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 kutoka sh. 8,500 hadi sh. 10,000 kwa siku. Kiwango hicho hakiangalii kama mwanafunzi anashinda maktaba au anakimbia uwanjani saa mbili kila jioni. Na wapo wengi ambao hawana mkopo kabisa, wanategemea baba, mama, mjomba na kaka.

Aidha, fedha hizi huja kwa mafungu, na hapa ndipo penye mtihani. Wiki ya kwanza ni chipsi kuku na soda. Wiki za mwisho ni chai na andazi, na mchezaji ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mazoezi hayasubiri fungu lingine liingie.

Mwili usiopewa chakula cha kutosha huanza kubana matumizi, kama vile mama wa nyumba anavyofanya fedha ikipungua. Unakata kwanza vile visivyo vya lazima kwa kuishi leo. Kinga hupungua, kijana akawa mtu wa mafua yasiyokwisha. Misuli inaliwa ili kupata nguvu. Mifupa haijengwi ipasavyo, inapata nyufa ndogo ndogo kwa kukimbia tu, bila hata kukanyagwa. Usingizi unaharibika, hasira zinakuwa karibu, na darasani akili haishiki. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa waraka maalumu juu ya hali hii na kuwatahadharisha makocha kwamba inawapata wanawake na wanaume.

Utashangaa kwamba wachezaji wengi walio katika hali hii hawasikii njaa kali. Mazoezi makali hukata hamu ya kula kwa muda, halafu mtu analala. Hivyo kijana akikwambia kwa simu “nimeshiba mama”, pengine hadanganyi. Muulize amekula nini na saa ngapi.

Tupige hesabu

Tumchukue kijana wa kilo 60 anayefanya mazoezi kwa saa moja na nusu hadi mbili kila siku. Wataalamu wa lishe ya michezo wanashauri kwamba mchezaji wa namna hii apate vyakula vya wanga vya kutoa gramu 5 hadi 7 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Tukichukua 6, huyu anahitaji gramu 360. Protini wanashauri gramu 1.2 hadi 2 kwa kila kilo, tukichukua 1.4 tunapata gramu 84. Kwa jumla atahitaji nguvu ya kalori kama 3,000 kwa siku, au zaidi kidogo.

Ukisikia hesabu hizi kwa mara ya kwanza unaweza kuogopa. Lakini angalia. Gramu 360 za wanga zinapatikana katika unga wa mahindi usiozidi nusu kilo. Nusu kilo hiyo ukiigawa katika uji wa asubuhi, ugali wa mchana na ugali wa usiku, ameshamaliza sehemu kubwa ya mahitaji yake ya siku kwa chakula kilicho rahisi kuliko vyote sokoni. Unga huo huo tayari una gramu karibu 40 za protini ndani yake, jambo ambalo watu hawalihesabu, na dona ina zaidi kidogo kuliko sembe. Basi tunatafuta gramu 45 tu zilizobaki.

Watu wengi hapa hukimbilia buchani. Mimi sina ugomvi na nyama, lakini tuangalie bei. Nitatumia bei za mfano, kwa ajili ya hesabu tu, wewe weka bei za sokoni kwako. Tuseme kilo ya nyama ya ng’ombe isiyo na mfupa ni sh. 10,000. Ina gramu kama 200 za protini, kwa hiyo kila gramu moja umeinunua kwa sh. 50. Tuseme kilo ya maharage makavu ni sh. 3,500. Ina gramu kama 220 za protini, kila gramu ni sh. 16. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Hata kilo ikiwa sh. 12,000, gramu moja haifiki sh. 24. Karanga kilo sh. 5,000, ina gramu 250, sawa na sh. 20 kwa gramu. Yai moja lina gramu 6 tu, likiuzwa sh. 400 kila gramu ni zaidi ya sh. 60. Maziwa ya lita moja yana gramu kama 32, kwa sh. 2,500 kila gramu ni karibu sh. 80, ingawa maziwa yana madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa, hivyo usiyahukumu kwa protini peke yake.

Kwa hiyo sahani ya huyu kijana kwa siku inaweza kuwa hivi: unga nusu kilo sh. 750 (kwa sh. 1,500 kilo), maharage gramu 100 sh. 350, dagaa gramu 30, yaani konzi moja, sh. 360, karanga gramu 40 sh. 200, mafuta ya kupikia vijiko vinne vya chakula kama sh. 250, mboga za majani na ndizi mbili sh. 600, sukari kidogo sh. 100. Jumla sh. 2,610. Ongeza mkaa au gesi, fika sh. 3,000. Kalori zake zinavuka 3,000 na protini imetimia. Kijana huyo huyo akinunua sahani tatu kwa mama ntilie, tuseme kila moja sh. 2,500, ametumia sh. 7,500, na kuna uwezekano mkubwa hajashiba.

Wengine watasema protini ya maharage ni hafifu. Ni kweli kwamba maharage peke yake yana upungufu wa sehemu fulani ya protini, na mahindi peke yake yana upungufu wa sehemu nyingine. Lakini kile kinachokosekana katika mahindi kimo ndani ya maharage, na kinachokosekana katika maharage kimo ndani ya mahindi. Wazee wetu waliotupikia makande hawakuwa na maabara. Wali kwa maharage vile vile. Wachezaji wanaodharau makande na kuyaita chakula cha shule wanadharau mlo mzuri kabisa wa mwanamichezo.

Saa ya kula

Kosa kubwa ninaloliona kwa vijana hawa ni saa. Kipindi cha mwisho kinaisha saa tisa, mazoezi saa kumi. Hajala tangu asubuhi. Anakimbilia kibandani kula zege, yaani chipsi mayai, na soda baridi, kisha anaingia uwanjani. Mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, kwa hiyo nusu saa baadaye ameshika kiuno. Akimaliza mazoezi saa kumi na mbili anaoga, anaswali, anakuta foleni ya chakula imekwisha, anakunywa chai na mkate, analala. Zege silikatazi, ni chakula halali na lina mayai ndani yake, lakini si saa hiyo.

Mlo mkubwa uwe saa mbili au tatu kabla ya mazoezi. Kama haiwezekani kwa sababu ya ratiba, basi abebe kitu kwenye begi: ndizi mbivu mbili, kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, au tende chache. Tende hatuzihusishi na michezo, lakini sehemu kubwa ya tende ni sukari, haziharibiki upesi na hazihitaji kupikwa. Kilo moja inaweza kumfikisha mchezaji wiki nzima.

Baada ya mazoezi asisubiri usiku wa manane. Ndani ya saa moja au mbili ale mlo wenye wanga na protini, kiasi cha gramu 15 hadi 20 za protini kwa kijana wa kilo 60. Bakuli kubwa la uji uliokorogwa na karanga zilizosagwa na kikombe cha maziwa linafika hapo. Sahani ya ugali, maharage na dagaa inapita. Maji anywe kidogo kidogo siku nzima, asingoje kiu. Akitaka kujua amepoteza kiasi gani, ajipime kwenye mizani kabla na baada ya mazoezi: kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu si lazima kwake, maji na ndizi vinamtosha, na bei ya kopo moja la namna hiyo inanunua maharage ya siku mbili.

Unga wa misuli

Sasa nije kwa mama yangu. Kijiko kimoja cha unga huo, kwa kawaida, kina gramu 20 hadi 25 za protini. Gramu 25 hizo zimo ndani ya mayai manne, au maharage makavu gramu 115 ambayo kwa bei zetu za mfano ni kama sh. 400, au konzi moja na nusu ya dagaa. Ndani ya kopo hakuna kitu ambacho hakimo sokoni. Kijana asiyekula wanga wa kutosha akinywa unga huo, mwili wake utauchoma kama kuni ili kupata nguvu, wala hautajenga msuli. Ni kama kuwashia jiko kwa mbao za mninga.

Kuna mambo mawili zaidi. Baadhi ya bidhaa hizi, hasa zile zisizojulikana zinakotoka, zimewahi kukutwa na dawa zilizopigwa marufuku michezoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo, na mchezaji anayepimwa hujikuta amefungiwa kwa kitu ambacho hakukijua. La pili linatuhusu sisi Waislamu. Vidonge vingi vya virutubisho vimefungwa ndani ya ganda la jelatini, na jelatini hutengenezwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, akiwemo nguruwe. Soma maandishi ya kwenye kopo. Kama hayasemi jelatini ni ya mnyama gani, na hakuna alama ya halali, liache dukani.

Mabinti

Wazazi wenye mabinti wanaocheza netiboli, kikapu au riadha wana jambo lao la ziada. Binti hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na mahitaji yake ya madini hayo ni zaidi ya mara mbili ya kijana wa kiume. Upungufu wake huleta kuchoka, kuhema haraka na kizunguzungu, na kocha asiyejua hudhani binti ni mvivu. Maini hata mara moja kwa wiki, dagaa, maharage, kunde na mboga za majani ni katika vyakula vya kumsaidia. Chuma cha kwenye maharage na mboga hufyonzwa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na kitu kichachu chenye vitamini C, kwa mfano ndimu iliyokamuliwa juu ya chakula, chungwa, embe au pera. Na chai huzuia. Sisi watu wa pwani chai tunainywa na kila kitu, lakini binti huyu asubiri saa moja baada ya kula ndipo anywe.

Jambo lingine linahitaji mama aulize, kwa sababu binti hatasema. Mchezaji anayekula pungufu anaweza kukosa siku zake kwa miezi kadhaa. Wapo wanaolifurahia hilo kwa kuwa wanapata nafuu ya usumbufu, na wapo makocha wanaosema ni kawaida kwa wanamichezo. Si kawaida. Ni dalili kwamba mwili umeshaanza kubana matumizi, na mifupa nayo inadhoofika kimya kimya. Zikipita siku kwa miezi mitatu mfululizo, apelekwe kwa daktari.

Usafi wa geto

Chakula cha bei nafuu kinachomharishia mchezaji kimekuwa ghali. Wanafunzi waliopanga vyumba mitaani, wenyewe wanaita geto, hupika pamoja, jambo ambalo ni zuri sana. Wachezaji watano wakichangishana siku fungu linapoingia, wakanunua gunia dogo la mchele, unga, debe la maharage na dagaa kwa bei ya jumla, hata zile wiki za mwisho watakula. Wapange zamu, na anayepika asiwe na mazoezi ya mapema siku hiyo.

Lakini geto halina jokofu. Wali au maharage yaliyopikwa saa sita mchana na kuachwa kwenye sufuria hadi usiku huota bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa mara ya kwanza, na baadhi yao huacha sumu ambayo hata ukipasha moto haiondoki. Ndiyo maana mtu anakula kiporo cha wali kilichopashwa hadi kinatoa moshi na bado anatapika. Wapike kinachotosha mlo mmoja. Kinachoweza kuandaliwa mapema ni kuloweka: maharage yaliyolala ndani ya maji usiku kucha, maji yale yakamwagwa, huiva haraka na huokoa mkaa. Yachemke sawasawa hadi yalainike, kwa sababu maharage mabichi mabichi yana sumu yake inayoleta kutapika na kuharisha. Dagaa waondolewe mchanga na kuoshwa kwa maji ya moto. Maziwa yachemshwe. Mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa maji matupu, hasa wakila sinia moja.

Karanga na mahindi vinahitaji macho. Punje zenye ukungu, zilizokunjamana au zilizobadilika rangi zitupwe, hata kama zimekuja bure kutoka shamba la bibi. Ukungu wa aina fulani huacha sumu iitwayo aflatoksini, na kukaanga au kusaga hakuimalizi. Mwaka 2004 nchini Kenya, maeneo ya Mashariki, watu 125 walifariki kutokana na mahindi yenye sumu hiyo. Karanga za kusagwa tayari, ambazo huoni punje zake, nunua kwa mtu unayemwamini au saga mwenyewe.

Mwezi wa Ramadhani

Kijana anayefunga na huku timu ina mashindano asiwe na hofu iliyopita kiasi. Olimpiki ya London mwaka 2012 ilifanyika ndani ya mwezi wa Ramadhani, na Waislamu wengi walishindana. Mahitaji ya mwili hayabadiliki, kinachobadilika ni saa. Daku isirukwe kabisa, na iwe ya chakula kizito: wali au ugali na maharage, yai, maji, wala si chai na kitumbua. Mazoezi mepesi yanaweza kuwa saa ya mwisho kabla ya futari, ili akimaliza anywe na kula mara moja, na mazoezi makali yasogezwe usiku. Futari zetu za mihogo, magimbi, viazi na uji zina wanga wa kutosha. Kinachokosekana mara nyingi ni protini, maana sahani imejaa vya kukaanga na maharage yamesahaulika. Kwa mchezaji anayesafiri, au anayeumwa, awaulize masheikh kuhusu ruhusa zake, hilo si la safu hii.

Basi mama yangu uliyenisubiri pale mlangoni, kopo usinunue. Kwa sehemu ya fedha zile mnunulie mwanao sufuria nzuri yenye mfuniko, chupa ya chai ya kuwekea uji wa kunywa baada ya mazoezi, maharage, dagaa na karanga za mwezi mmoja. Kabla hajarudi chuoni mpime uzito, hata kwa mizani ya zahanati, na uandike. Ajipime tena kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, na akutumie ujumbe. Akila hivi kwa mwezi na nusu na kilo bado zinashuka, au ana kikohozi kisichoisha, homa za usiku, kiu na kukojoa kupita kiasi, usiendelee kulaumu chakula. Aende hospitali akapimwe kifua kikuu, kisukari, minyoo na wingi wa damu, na amwambie daktari kuwa anafanya mazoezi saa mbili kila siku, kwa sababu bila kuambiwa hatalijua.